Kutoka Jani la Msasa hadi Janti ya Kioo: Historia ya Kung'arisha Magurudumu Butembo na Beni

Janti ni ile sehemu ya metali inayobeba mpira wa gurudumu. Neno lenyewe lilikuja na Kifaransa likakaa Butembo na Beni; Tanzania huitwa ringi. Kuing'arisha mpaka iwe kioo ni kazi ya kuondoa mkwaruzo mkubwa kwa kuweka mdogo mahali pake, kisha mdogo zaidi, hadi mikwaruzo inayobaki iwe midogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga, yaani chini ya nusu ya maikromita. Hapo mwanga hautawanyiki tena. Hurudi ulivyokuja, na mtu hujiona. Aluminiamu safi hurudisha takriban asilimia 90 ya mwanga unaoonekana. Kromu, ambayo wengi huidhani ndiyo kinara wa kung'aa, hurudisha kama asilimia 65.

Butembo iko milimani, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700. Beni iko kilomita 54 hivi kaskazini yake, chini zaidi, karibu na msitu wa Ituri na mbele ya milima ya Rwenzori. Historia ya kung'arisha magurudumu katika miji hii miwili ya Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ni historia ya njia za biashara. Kila njia ilipofunguka iliingiza metali yake, na kila metali ilidai namna yake ya kusuguliwa.

Jani kabla ya karatasi

Kiswahili chenyewe kinatunza mwanzo wa kazi hii. Kabla ya kuwa karatasi ya dukani, msasa ni mti wa jamii ya mikuyu, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus exasperata. Jani lake lina vinyweleo vigumu vinavyokwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi mbao walilitumia kulainisha kazi zao kabla ya viwanda kuleta karatasi yenye chembe za kukwaruza. Mti huo huota kuanzia Afrika Magharibi hadi pwani ya Bahari ya Hindi, na misitu ya Kongo imo katika eneo lake. Fundi wa leo anaposema anapiga msasa, analitaja jani ambalo huenda hajawahi kulishika.

Wahunzi wa Wanande, wenyeji wa milima hii wanaojiita pia Bayira, walifua majembe, visu na mikuki. Chuma kilichotoka motoni kilikuwa cheusi. Makali yake yaling'aa tu pale yaliposuguliwa juu ya jiwe lenye maji. Mng'aro huo ulikuwa alama ya kazi, kwa maana jembe linalolima hujisugua lenyewe udongoni. Gurudumu halikuwapo. Chumvi ya Katwe, iliyochotwa ng'ambo ya ziwa ambalo baadaye liliitwa Edward, ilipanda milima ya Mitumba ikiwa kichwani na mgongoni mwa watu.

Katika miaka ya 1880 misafara yenye asili ya pwani ilifika pande hizi ikitafuta pembe za ndovu. Mvumbuzi Stanley alipopita katika msitu wa Ituri mwaka 1887 alikuta vituo vya Ugarrowwa na Kilonga-Longa, wakuu wa misafara hiyo. Pamoja na vitambaa na shanga, biashara ya wakati huo ilisambaza masango, yaani nyaya nene za shaba zilizogeuzwa kuwa vikuku. Shaba haikai iking'aa bila kutunzwa: hewa na jasho huifanya ififie, na mchanga laini au majivu huirudisha. Kusugua metali kwa ajili ya uzuri, mbali na makali ya jembe au kisu, kulikuwa kunajulikana hapa muda mrefu kabla ya gari la kwanza. Misafara hiyo ilileta kitu kingine kilichodumu kuliko shaba, nacho ni Kiswahili. Ukatili wake katika kutafuta pembe na watumwa ni sehemu ya kumbukumbu ileile.

Lori la rangi, kinga ya kromu (1923–1960)

Gurudumu liliingia kwa sababu ya madini na mashamba. Kampuni ya Minière des Grands Lacs iliundwa mwaka 1923, na mwishoni mwa muongo huo kambi yake ya Butembo ilikuwa imeanza kuwa mji. Mwaka 1928 ulianzishwa Comité National du Kivu, chombo kilichogawa ardhi kwa walowezi. Kahawa, chai, pareto na kwinini vilihitaji kushuka kutoka milimani, na kwa hiyo barabara ilichimbwa kwa majembe na nguvu za wenyeji, wengi wao wakiwa katika kazi ya lazima. Barabara iliyotoka Rutshuru ikapanda ukingo wa Kabasha, ikapita Lubero na Butembo, ikateremka Beni na kuendelea Irumu, ndiyo iliyobadilisha maisha ya eneo lote.

Gurudumu la lori la wakati huo halikuwa na cha kung'arisha. Lilikuwa sahani ya chuma iliyokandamizwa kwa mashine na kupakwa rangi, na rangi hiyo ndiyo kinga yake. Aliyelisugua mpaka metali ionekane alikuwa analikabidhi kwa kutu, kwa sababu milima ya Lubero hupata mvua sehemu kubwa ya mwaka.

Mng'aro wa zama hizo ulikuwa kwenye baiskeli, au kinga kama Wakongo wa mashariki wanavyoiita. Upakaji wa kromu kwa umeme ulikuwa umeanza kutumika viwandani katika miaka ya 1920, na baada ya hapo janti za chuma za baiskeli zilitoka kiwandani zikiwa na tabaka la nikeli na juu yake kromu. Kinga mpya ilikuwa mali kubwa ya karani, mwalimu au mfanyakazi wa mgodi. Lakini tabaka la kromu ya mapambo ni jembamba mno, chini ya maikromita moja. Mchanga hulikata. Aliyezoea kusugua shaba kwa mchanga na akaifanyia kinga yake vivyo hivyo aliona doa la kutu baada ya mvua chache. Kromu hutunzwa kwa kitambaa laini na mafuta kidogo. Ikishatoboka haina dawa ya mkono. Tofauti hiyo kati ya metali inayong'aa kwa mwili wake na metali inayong'aa kwa ngozi ya kupakwa ndiyo inayoeleza mengi ya yaliyofuata.

Metali nyepesi huko nje (1886–1970)

Aluminiamu ilikuwa vito kabla ya kuwa sufuria. Mwaka 1884 mnara wa Washington huko Marekani ulivikwa ncha ya aluminiamu kwa sababu ya thamani yake. Miaka 2 baadaye, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja peke yake, waligundua namna ya kuitoa kwa umeme, na bei ikaporomoka.

Mwaka 1924 gari la mashindano la Bugatti Type 35 lilionekana Lyon, Ufaransa, likiwa na magurudumu ya aluminiamu ya kumimina, yenye mikono bapa minane. Mwaka 1948 kampuni ya Alcoa ilitengeneza gurudumu la lori la aluminiamu ya kufuliwa, na madereva wa masafa marefu wa Marekani wakaufanya ung'arishaji wake kuwa fahari ya kazi. Porsche ilipotoa janti za Fuchs katikati ya miaka ya 1960, aluminiamu ilianza kuonekana kwenye magari ya watu wenye uwezo. Viwanda vya Japani vilifuata, na kufikia miaka ya 1980 na 1990 magari mengi ya kawaida ya huko yalikuwa na janti za aloi. Hakuna aliyeyatengeneza akiifikiria Butembo. Yalikuja yenyewe, yakiwa yametumika, kupitia mlango uliofunguliwa na kahawa.

Kahawa, Kasindi na barabara ya Mombasa (1973–1990)

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni vitakabidhiwa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Mahali pengi nchini hatua hiyo iliua maduka na kuacha mashamba yakimea magugu. Butembo ilichukua mkondo mwingine. Wafanyabiashara Wanande, wengi wao wakiwa wameanza na maharage, mboga na samaki, walijaza nafasi iliyoachwa na Wagiriki na wageni wengine, wakaungana kwa undugu, kanisa na kuaminiana. Vwakyanakazi Mukohya, msomi aliyeandika tasnifu yake juu ya wafanyabiashara wa Butembo mwaka 1982, ndiye aliyeweka kumbukumbu nzuri kuliko wote ya namna walivyofanya.

Kisha baridi kali ya Julai 1975 ikaharibu mikahawa ya Brazili, na bei ya dunia ikapaa. Kahawa ya Lubero na Beni ilivuka mpaka wa Kasindi kwenda Uganda, sehemu kubwa bila kupita kwenye vitabu vya serikali, kwa sababu bei rasmi ya Kinshasa na thamani ya sarafu ya zaire hazikumwachia mkulima kitu. Malori hayakurudi matupu. Yalirudi na vitambaa, mafuta, vipuri, na magari yaliyoshushwa Mombasa. Barabara ya Mombasa, Nairobi, Kampala na Kasindi iliigeuza Butembo, mji ulio mbali sana na bahari, kuwa kama bandari ya nchi kavu.

Wakati huohuo barabara za ndani zilikuwa zinakufa. Serikali haikuzitengeneza, na matope ya Beni hadi Kisangani yalimeza malori kwa wiki nzima. Hali hiyo ndiyo iliyofanya gari safi kuwa tamko. Tope jekundu likikauka hufanya kila kitu kiwe na rangi moja. Anayeingia sokoni na magurudumu yanayong'aa anaonyesha kwamba ana maji, ana muda, na ana kijana wa kumlipa. Huko milimani, kwa wasio na uwezo wa lori, chukudu, chombo cha mbao cha kusukumwa kwa mkono, ilibeba viazi na kuni kwa magurudumu yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Haikung'aa popote, na ililisha mji.

Dubai, Japani na mtaa wa garaji (1990–2010)

Zaire ilipokuwa inaporomoka katika miaka ya 1990, wafanyabiashara wa Butembo waliruka wenyewe kwenda Dubai, kisha Asia hadi Guangzhou. Walileta magari yaliyotumika Japani, mengi yenye usukani wa kulia ingawa Kongo huendesha mkono wa kulia, na chini yake zikaja janti za aloi. Vita vya 1998 hadi 2003 viliitenga miji hii na Kinshasa. Beni ilikuwa makao ya kundi la waasi la RCD-ML la Mbusa Nyamwisi, na jeshi la Uganda lilikuwepo. Hata hivyo njia ya Kasindi haikufungwa, na mji uliendelea kujengwa kwa pesa za wafanyabiashara wenyewe.

Janti hizo zilifika zimechoka. Kiwandani hupakwa laka angavu ya kuzuia hewa. Kokoto huitoboa, maji huingia chini yake, na madoa meupe kama utando huenea. Mwenye gari aliyelinunua kwa akiba ya miaka hakutaka kuliona hivyo, na janti mpya ilikuwa mbali na ghali. Ndipo kazi ya kuzisugua ilipopata soko, mikononi mwa makanika na vijana waoshaji wa magari.

Kazi yenyewe ni ndefu. Gari huinuliwa kwa jeki, gurudumu hufunguliwa na kuoshwa, mafuta ya breki na lami huondolewa kwa kitambaa chenye petroli kidogo. Laka ya zamani hutolewa kwa dawa ya kubabua rangi au kwa msasa mkavu. Kisha msasa wa maji huanza: namba 400, ambayo chembe zake zina ukubwa wa takriban maikromita 35, halafu 800, halafu 1000 yenye chembe za maikromita 18, mwisho 2000 yenye chembe za 10. Karatasi huchovywa kwenye beseni kila mara. Ujivujivu mweusi kama wino hutiririka kwenye mikono ya janti na kuingia chini ya kucha za fundi, na hautoki kwa sabuni siku hiyo. Fundi mzuri hubadilisha upande wa kusugua kila anapobadilisha namba: ikiwa 400 ilikwenda wima, 800 itakwenda mlalo, na mstari wowote wima unaobaki unamwambia kwamba hajamaliza. Kabla ya kupanda namba huosha janti, beseni na mikono, kwa maana chembe moja ya 400 iliyosahaulika kwenye kidole huharibu kazi ya saa nzima.

Baada ya 2000 janti huwa kijivu laini kama hariri, na asiyejua hudhani imeharibika. Inayofuata ni dawa ya kung'arisha, chembe za oksidi zilizosagwa laini ndani ya nta au mafuta, inayosuguliwa kwa pamba mpaka iwe nyeusi. Kitambaa safi kinapopita juu yake, kioo hutokea mara moja. Kipimo cha mwisho ni kuweka ukurasa wa maandishi mbele ya janti: herufi zikisomeka kinyumenyume bila kutetemeka, kazi imekwisha.

Makosa mawili yamegharimu wengi. La kwanza ni soda kali na asidi, ambazo husafisha haraka na wakati huohuo hula aluminiamu na kuacha vishimo. La pili ni kutarajia kila janti iwe sawa. Janti nyingi humiminwa kwa aloi yenye takriban asilimia 7 ya silikoni, na chembe ngumu za silikoni pamoja na matundu madogo ya kumimina huzuia kioo kamili. Iliyofuliwa haina shida hiyo. Fundi hawezi kulaumiwa kwa kosa la kalibu.

Umeme na pikipiki

Kwa miongo mingi Butembo haikuwa na umeme wa umma. Mji wenye mamia ya maelfu ya watu uliendeshwa kwa jenereta, na mashine ya kusugulia yenye gurudumu la pamba ilikula petroli kuliko faida ya kazi. Ndiyo maana mkono ulitawala kwa muda mrefu namna ile. Mwaka 2013 mtambo mdogo wa maji wa Hifadhi ya Virunga ulianza Mutwanga, chini ya Rwenzori upande wa Beni, na baadaye ule wa Luviro, katika wilaya ya Lubero, ukaelekeza umeme Butembo. Penye umeme wa uhakika, kazi iliyochukua siku nzima hukamilika kwa saa chache. Mashine nayo ina hatari yake: hurusha vumbi la aluminiamu, ambalo huumiza mapafu na linaweza kuwaka moto likikusanyika. Msasa wa maji hauna vumbi hilo.

Pikipiki za Kichina na za Kihindi ziliongeza wateja kuliko magari. Nyingine zina janti ya chuma iliyopakwa kromu na spoku, nyingine gurudumu la aluminiamu la kumimina. Motari, yaani dereva wa pikipiki ya kukodi, anaishi kwa abiria wanaomchagua kati ya wenzake kumi walioegesha pamoja, na chombo kinachong'aa huashiria breki zinazoangaliwa. Siku ya harusi, msafara unapopita mjini kwa honi, magurudumu husuguliwa usiku wa kuamkia.

Miaka ya moto na klorini (2014–2020)

Mauaji ya raia yaliyoanza Oktoba 2014 kuzunguka Beni, ambayo kundi la waasi la ADF linabeba lawama kubwa, yaliifanya barabara kuwa mahali pa kufa. Kati ya Beni na Kasindi magari yalivamiwa na kuchomwa, na safari zilianza kufanywa kwa msafara wa jeshi. Chuma hubaki kikisimama katika moto wa gari. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 au chini kidogo kwa aloi za janti, na moto wa gari hufika huko: janti hutiririka na kuganda barabarani kama kidimbwi cha fedha. Anayejua metali hii huelewa kilichotokea hapo, hata mabaki mengine yakiwa yamekwisha kuondolewa.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ikianzia Mangina karibu na Beni. Beni, Butembo na Katwa zikawa kiini chake. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa ulikuwa umeua watu 2,287. Kila kizuizi cha barabarani kilikuwa na ndoo ya maji ya klorini. Ya asilimia 0.05 kwa mikono, na ya 0.5 kwa vitu na magari yaliyobeba wagonjwa. Klorini ilikuwa ulinzi wa uhai na hakuna janti yenye thamani ya kulinganishwa nao. Lakini chumvi za klorini huchimba aluminiamu, na gari lililonyunyiziwa mara kwa mara bila kusuuzwa huingia vitone vyeusi ambavyo haviondoki bila kurudi kwenye msasa namba 400.

Lami (2021 na baadaye)

Mei 2021 Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mwaka huohuo Kongo na Uganda zilizindua mpango wa kujenga kilomita 223 za barabara, ukiwemo mkondo wa Kasindi hadi Beni wa kilomita 80 na wa Beni hadi Butembo wa 54, na kazi ilianza mwishoni mwa mwaka. Imekwenda polepole kwa sababu ya mvua, milima na usalama. Kanyabayonga ilipotekwa na waasi wa M23 Juni 2024, na Goma Januari 2025, njia ya kusini ilikatwa, na Butembo ikaegemea Kasindi zaidi kuliko wakati wowote tangu zama za kahawa.

Lami hupunguza kokoto na tope, lakini aluminiamu iliyovuliwa laka huanza kuvaa utando wa oksidi mara tu inapokutana na hewa, na baada ya majuma kadhaa ya mvua hufifia. Nta huchelewesha hilo. Laka mpya huchelewesha zaidi, ikipunguza mng'aro kidogo. Kwa mwenye gari anayechagua leo kati ya janti iliyopakwa kromu na aloi tupu ya kusuguliwa, uamuzi unapaswa kufuata barabara zilivyo. Shimo moja la Butembo hupasua kromu, na hakuna karakana ya jirani ya kuirudisha. Aloi ikikwaruzwa hurudi kwenye beseni, huanza na 400, na jioni hung'aa tena.